Mtoto Ashike Kiti

Mimi ni mtu wa wasiwasi, na ndio unaonilisha. Kule Timau nafanya kazi pakhausi, lile banda baridi ambamo waridi hupitishwa mezani kabla ya kufungwa na kupelekwa ng'ambo. Kazi yangu ni kutafuta makosa: jani lenye doa, shina fupi, ua lililofunguka mapema. Wengine wakitazama ndoo wanaona maua, mimi naona ugonjwa. Miaka tisa nimesimama pale na sweta mbili ndani ya koti, na tabia hiyo imenifuata hadi nyumbani, mpaka mume wangu husema nikifika mbinguni nitauliza ni nani aliyefunga mlango na kama ameufunga vizuri.

Yeye mwenyewe ndiye aliyeupeleka huo wasiwasi wangu mahali ulipopata kazi ya kweli. Alipata nafasi ya kusomea magonjwa ya mimea Uholanzi mwaka mmoja, na likizo ya Agosti ilipokaribia akasema tuje tumwone, mimi na watoto wawili. Mji anaokaa, alituambia, umejaa mifereji. Kila mtaa una mfereji wake na nyumba zimejipanga kando. Tulikuwa Embu kwa wazazi wake kuaga, simu ikiwa imewekwa mezani tusikie wote, na mama mkwe akaguna. "Hata sisi mfereji tuko nao," akasema, akielekeza kidole uwanjani kwa lile bomba ambalo hutoa maji Jumanne na Ijumaa. "Na hatukupanda ndege kuufikia." Kwetu mfereji ni bomba la maji, na hakuna aliyejisumbua kumsahihisha. Binti yangu wa miaka saba aliondoka pale akiamini tunaenda mji wenye bomba kwa kila mlango, na akataka kujua kama usiku yanafungwa.

Kabla sijaendelea lazima nieleze habari ya majina, la sivyo hutanielewa.

Mume wangu ni Muembu, mimi ni Mmeru wa Nchiru. Tunabishana kwa mengi, lakini hili tunakubaliana: mvulana wa kwanza hupewa jina la baba ya mume. Tukampa. Shida ilianzia hapo, kwa sababu mimi nililelewa kutotaja jina la baba mkwe. Mama yangu alinionya nikiwa bado naposwa. Yule mzee, alisema, hata ukimwota, mwote bila jina. Sasa utamwitaje mtoto kwa sauti, "wewe fulani, njoo nikupanguse kamasi," na mzee mwenye jina, Guka kama watoto wanavyomwita babu yao, ameketi pale pale na kikombe chake cha chai? Haiwezekani. Mume wangu naye alimwita mtoto Baba tangu hospitali, maana kwake huyo ni baba yake amerudi akiwa mdogo, na sisi wote tukafuata. Baba, kunywa uji. Baba, toka kwa matope. Baba amejikojolea. Mume wangu tunamwita Dadi, kwa hivyo nyumbani hakuna aliyewahi kuchanganyikiwa. Binti naye tulimpa jina la mama mkwe na kumwita Shosho, yaani nyanya, mpaka alipoanza shule na mwalimu akamzoeza jina lake kamili. Lakini Baba alikuwa na miaka mitatu na nusu tu, shule ilikuwa ikimngoja Januari. Hata Sunday school waliimba naye kama Baba. Jina lake kamili lilikuwa kwa kadi ya kliniki na kwa pasipoti, basi. Na hapa pia sitalitaja.

Wiki ya safari nilipakua mabegi mara tatu. Mtu wa Meru akisafiri, ndugu wote wanakuwa na kifurushi kidogo cha kupeleka, na mimi niliogopa miraa kuliko nilivyoogopa ndege kuanguka. Kule imekatazwa kabisa. Nilijiona nimeshikwa, watoto wamechukuliwa, mume ameitwa katikati ya mtihani. Binamu yangu aliapa kwa Biblia kwamba katoni yake ni ya majani chai. Nilifungua, nikaona majani chai, nikayamwaga kwa gazeti nikayapekua kwa kidole. Yalikuwa majani chai. Binamu hajanisamehe mpaka leo.

Tulitua asubuhi, tukiwa tumechelewa saa mbili. Kwa dirisha la pasipoti afisa alisoma jina la binti, akamtazama, binti akatabasamu. Akasoma la Baba kwa sauti, kwa matamshi yake ya huko, na Baba hakuinua hata kichwa. Aliendelea kufungua na kufunga zipu ya koti. Afisa akarudia. Nikamgusa mtoto bega nikasema, "Baba, angalia huyu mtu," akaangalia, tukapita. Mimi ninayeona doa kwenye jani kwa hatua tatu, hilo sikuliona.

Nje ya milango nikapata intaneti ya bure na ujumbe wa mume wangu. Mtihani umesogezwa mbele, asingeweza kuja uwanjani, na simu angeizima. Lakini ni rahisi sana, aliandika. Stesheni iko hapo hapo chini ya uwanja. Panda treni moja tu, robo saa, shuka stesheni kuu ya mji, ningojeni nje mbele. "Hata wewe huwezi kupotea," aliandika, na kuweka uso unaocheka. Sikucheka. Nilikuwa na sutikesi mbili kubwa, moja imevunjika gurudumu tangu Nairobi, begi mgongoni, katoni ya majani chai, na watoto ambao hawakuwa wamelala. Nikaandika maagizo yote kwa karatasi, nikaikunja, nikaiweka ndani ya sidiria.

Tukashuka kwa ngazi za umeme, mimi nikiwa nimewashika wote wawili kwa kola na sutikesi zikituangukia magotini. Chini kulikuwa na baridi kama pakhausi. Watu walipita kasi bila kugusana, kila mmoja akijua anakokwenda, na hilo ndilo lililonitia hofu zaidi. Sijui kwa nini. Nyumbani angalau watu wachache huwa wamepotea, unaweza kusimama nao.

Treni ikaja. Nikauliza mama mmoja kama inaenda stesheni kuu, akaitikia kwa kichwa. Milango ikafunguka.

Sasa nisikilize. Kwetu, ukiwa na mizigo na watoto, mtoto ndiye huingia kwanza. Unamwinua, unamketisha, unamwambia ashike kiti, halafu unarudi kwa mizigo yako pole pole. Mtoto akiwa ndani, gari ni lako. Hakuna konda anayeweza kuondoka na mtoto ambaye mama yake bado yuko nje na gunia, abiria watamla mzima mzima. Mimi sikuwahi kufikiria hiyo ni desturi. Nilidhani ni akili tu, kitu ambacho kila mtu mwenye mtoto anajua.

Basi nikambeba Baba, nikaingia, nikamketisha kwa kiti cha kwanza mlangoni. "Shika kiti," nikamwambia. "Usitoke hapo hata ukiitwa na nani." Akafungua mikono akaishika ile ngozi ya kiti pande zote mbili, mdomo ameukaza, kama mtu aliyepewa cheo. Nikashuka. Binti alikuwa kwa nguzo na mizigo, hatua kama kumi. Nikavuta sutikesi ya kwanza, ile nzima, nikaiacha jukwaani karibu na mlango. Nikarudi kwa ile iliyovunjika. Mahali fulani nikasikia filimbi, lakini mimi filimbi nazijua za mpira. Nilipogeuka milango ilikuwa inakutana.

Nilipiga ule mlango kwa ngumi. Nilipiga kioo. Baba alikuwa upande wa pili, bado ameshika kiti, akinitazama bila hofu yoyote, na treni ikaanza kumwondoa taratibu, kisha si taratibu. Nikakimbia nayo. Nikapiga nduru ya kwetu, ile ya kuita majirani, na majirani hawakuwepo. "Baba! Woi, Baba! Mungu wangu, Baba!" Jukwaa likaisha. Nikasimama pale mwisho na kiatu kimoja, na shimo la giza ambamo mtoto wangu alikuwa ameingia.

Nikarudi mbio kwa binti, maana wazo lililonijia ni kwamba sasa na huyu atakuwa ameenda. Alikuwepo. Alikuwa amekumbatia katoni na kulia bila sauti.

Kijana wa stesheni mwenye koti la kung'aa akaja upesi. Nikamwambia kwa Kiingereza, kile Kiingereza changu ambacho kazini kinatosha sana na hapo kikanitoka chote: Baba yuko kwa treni, wameenda na Baba, simamisha treni.

"Baba ni nani?" akauliza.

Binti yangu akapanguza machozi. Kiingereza ndilo somo lake. "Baba ni Kiswahili," akamweleza vizuri kabisa. "Maana yake ni mzazi wa kiume."

Yule kijana akashusha mabega. Niliona kabisa akitulia, na nikashindwa kuelewa mtu anatuliaje. Akaniambia nisijali, mambo haya hutokea kila siku, baba atashuka stesheni inayofuata na kurudi. Nimpigie tu simu.

"Hana simu!"

"Hana simu kabisa?"

"Ana miaka mitatu!"

Akanitazama, kisha akamtazama binti, kisha mimi tena. "Baba yako ana miaka mitatu?"

Leo kazini nikisimulia hapo watu hucheka mpaka waridi zinaanguka. Hapo sikuwa na kicheko. Nilimshika koti nikamtikisa. "Ni mtoto wangu! Mtoto wangu wa kiume! Nilimweka ashike kiti!" Na sasa uso wake ukabadilika, akainua redio mdomoni na kuanza kusema haraka kwa lugha yao, na mimi nikaona kwamba nilikuwa nimepoteza dakika tatu, nne, nikibishana habari ya baba.

"Jina lake?" akauliza.

Nikafungua mdomo. "Baba," nikasema.

"Si la baba yake. La mtoto."

Nilitaka kulisema. Naapa nilitaka. Jina lilikuwa hapo kooni, nililijua kama ninavyojua langu, lakini miaka minane nilikuwa nimelizunguka jinsi unavyozunguka kaburi shambani, na miguu ya ulimi wangu haikujua njia nyingine. Nikachomoa pasipoti nikampa. Akalisoma yeye kwa redio, silabi kwa silabi. Wakati huo walikuwa wamefika maafisa wawili wa kike waliovaa sare nyingine, nzito zaidi.

Tukangoja. Nikampigia mume wangu, simu imezimwa. Nikampigia tena kana kwamba mashine ingenihurumia. Kichwani nilikuwa nimeshafika mbali: Baba ameshuka na mtu asiyemjua. Baba ametembea mpaka kwa ile mifereji ya dadi yake, ambayo nilijua vizuri si bomba, na mtoto wa Timau hajui maji yaliyozidi karai. Nikamwona mzee kule Embu akipokea simu. Nilisali, lakini haikuwa sala ya maana, nilikuwa narudia neno moja tu, tafadhali, tafadhali, tafadhali.

Redio ikaongea. Kijana akasikiliza, akakunja uso, akanitafsiria. Konda wa treni amepita mabehewa yote akiita hilo jina na hakuna mtoto aliyeitika. Kuna mtoto mmoja, ndiyo, mweusi, koti la bluu, amekaa mlangoni. Lakini si yeye. Huyo ameulizwa anaitwa nani, na kila akiulizwa anasema anamtaka baba yake, kwa hivyo sasa wanamtafuta huyo baba kwenye mabehewa.

Nikamshika tena koti. "Ndiye! Hamtaki baba! Baba ndiye yeye! Baba ni Baba!"

Nilijisikia jinsi nilivyosikika.

Afisa mmoja wa kike, mrefu, wa makamo, akachukua pasipoti ya mtoto kutoka kwa kijana. Akaifungua, akaitazama picha, kisha akafunika jina kwa kidole gumba. Akaniuliza kwa upole, ule upole wa watu wanaotembea na pingu kiunoni: "Mama, huyu mtoto ni wako?"

"Ni wangu."

"Anaitwa nani?"

Nikaelewa. Nilimtazama mwenzake, nikaona amehamia upande wa binti yangu, amesimama kati yake na mimi, bila nguvu, kidogo tu. Walikuwa wameona mwanamke anayepiga nduru kwa ajili ya mtoto ambaye jina lake hawezi kulitaja. Mtoto mwenyewe kwa treni anajitaja kwa jina lingine. Na mimi ningekuwa wao, mimi mwenye macho ya kutafuta doa, ningefanya vivyo hivyo. Kupotea kwa Baba kulikuwa kumeanza kugeuka kuwa kitu kingine: huenda wakampata, na wasinipe.

"Sema tu, Mum," binti akaniambia kwa Kiswahili. "Guka hasikii. Ako shamba."

Nikaangalia sakafu, kama inavyofaa, na nikalisema. Lote, jina la ubatizo na lile la ukoo na lile la mzee. Lilitoka dogo na limepasuka. Hakuna kilichoanguka. Lakini nilimwona mzee wazi kabisa, kati ya miti yake ya kahawa, akiinua kichwa kuangalia ni nani huyo asiye na adabu.

"Na kwa nini hakuitika?" afisa akauliza.

"Kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumwita nalo," nikasema, na hapo nikalia kweli kweli, kwa aibu kuliko hofu. Nikamweleza huku nalia, mambo ya baba mkwe na mwiko na kamasi na chai. Sijui alielewa mangapi. Aliondoa kidole gumba akasoma. Kisha akachukua simu yake, akaongea na mtu, akangoja, na akaniwekea sikioni.

Nikasikia kelele za treni, na mtu akipumua puani kwa nguvu. Ningeijua ile pumzi popote. Alikuwa na mafua tangu Nanyuki.

"Baba?"

"Mum," akasema kwa hasira. "Uko wapi? Nimeshika kiti. Huyu mzungu anataka kunitoa na mimi nimekataa."

Nikaibana simu sikioni.

"Kuna mama alitaka kuketi nikamwambia ni cha mum," akaendelea. "Harakisha. Mikono imechoka."

"Umefanya vizuri, Baba," nikasema. "Umefanya vizuri sana. Sasa unaweza kuachilia kiti. Huyo mzungu ni mzuri. Mkifika, enda na yeye, akushike mkono, na mimi nakuja na treni ingine."

Akavuta kamasi. Nikasikia akifikiria. "Na wewe utaketi wapi?"

"Nitasimama," nikamwambia. "Mimi ni mkubwa, nitasimama."

Nilipomrudishia yule afisa simu, hakuniuliza tena kama mtoto ni wangu. Aliinama akaniokotea kiatu, sijui alikuwa amekipata wapi. Mwenzake akamshika binti mkono na kuinua ile sutikesi iliyovunjika gurudumu kama haina kitu, na tukapanda treni iliyofuata sote wanne. Viti vilikuwa vingi, vitupu. Kweli nilisimama, njia yote, mkono mmoja kwenye mlango. Binti akatazama nje akaniambia tumepita maji, na tena maji. Sikuangalia. Nilihesabu stesheni kwa vidole, na kila treni iliposimama nilifikiria amekataa tena kushuka na wamempeleka mpaka mwisho wa nchi.

Alikuwa ameketi ofisini kwa stesheni kuu, juu ya kiti cha ofisi kinachozunguka, na biskuti kwa kila mkono. Konda, mzee wa ndevu nyeupe, alikuwa amechuchumaa mbele yake. Baba hakulia mpaka aliponiona nalia, na hata hapo alilia kidogo tu, kwa kunisaidia. Nilimkagua kama ninavyokagua shina: kichwa, masikio, vidole, magoti. Nilimnusa. Nikataka kumchapa na kumbusu kwa wakati mmoja, nikaishia kumfunga zipu ya koti mpaka kidevuni.

"Mimi sikupotea," akaniambia. "Ni nyinyi mlibaki."

Konda akampa mkono, wakaagana kama wazee wawili. Mimi nikamshukuru kila mtu mara tatu. Nilitaka kumpa yule afisa mrefu kitu, nikafungua katoni nikampa pakiti ya majani chai, naye akaigeuza, akaisoma pande zote, na akanusa. Sikumlaumu.

Mume wangu alikuwa bado hajatoka mtihanini. Tukaketi nje mbele ya stesheni juu ya sutikesi zetu, na hapo ndipo nilipouona ule mji, maji mpaka mlangoni. Maji mapana, meusi, na hakuna ukuta, hakuna hata kamba, watu wanapita kando yake na baiskeli na watoto wamewekwa mbele kama mikate. Nikawashika wangu wote wawili kola tena. Binti akatazama huku na huku kwa muda mrefu. "Hakuna hata bomba moja," akasema, na nikaona amesikitika.

Nilijua kile nilichotakiwa kufanya, na nilitaka kukifanya kabla dadi yao hajafika na kuniambia natia watoto woga. Nikamgeuza Baba anitazame.

"Mtu akikuuliza jina lako, utasema nini?"

"Baba."

"Hilo ni la nyumbani. Ukipotea—"

"Sikupotea."

"Tukibaki, basi. Tukibaki tena na mtu akuulize, unasema hivi." Na nikalitaja mara ya pili siku hiyo, polepole, nikimwangalia machoni. Lilikuwa rahisi kidogo kuliko mara ya kwanza, na hilo pia lilinitisha.

Akageuka nyuma. Akatazama mlango wa stesheni, watu wakitoka. "Guka ako wapi?"

"Guka ako nyumbani. Nimekuita wewe."

"Hilo ni la Guka."

"Ni lake na ni lako. Alikupatia ulipozaliwa."

Hakupenda. Alikunja uso akaangalia maji, miguu yake ikigonga sutikesi, na mimi nikafikiri mambo yameisha, mawazo yake yamehamia kwa mashua. Kisha akaniuliza, "Sasa yeye akibaki na treni imeenda, na wamuulize, atasema anaitwa nani?"

Baba mkwe alikuwa na miaka themanini na miwili. Tangu Krismasi alikuwa ameanza kutoka langoni asubuhi na kusahau njia ya kurudi. Mara mbili watu wa soko walimrudisha, na mara ya pili, walisema, alipoulizwa yeye ni wa nani, alisimama tu akatabasamu. Hatukuwa tumewaambia watoto. Mtu mzima huwa hasemi mambo kama hayo mbele yao, na sijui Baba alikuwa amesikia nini, au kama alikuwa amesikia chochote.

"Sijui," nikamwambia. Ndio ulikuwa ukweli.

Alifikiria, huku amenishika kidole. "Basi nitalitumia huku tu," akasema. "Tukirudi namrudishia."

Nikamwambia ni sawa.